Kudumu katika Imani Wakati Kazi Haipatikani



Wapendwa wanaparokia, pamoja nanyi mnaosoma tafakari hizi mkiwa mbali na nyumbani, nawasalimu kutoka Mlimba. Mpunga umeanza kuinama, watoto wanashinda mashambani wakifukuza ndege, na barabara ya kwenda Ifakara mnaijua wenyewe hali yake wakati wa masika, hivyo sitaisemea.

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alibaki nyuma kunisaidia kukusanya vitabu vya nyimbo. Nikamuuliza habari za siku nyingi. Akanijibu: “Padre, VIWAWA ni Vijana Wafanyakazi Wakatoliki. Mimi ni kijana, na ni Mkatoliki. Hiyo WA ya katikati ndiyo ninayoisubiri tangu mwaka 2017.” Tulicheka sote wawili. Kijana huyu alisomea ualimu. Baba yake aliuza ekari mbili za shamba ili mwanawe amalize chuo. Alikuwa TYCS sekondari na TMCS chuoni, maana yake Kanisa lilitembea naye hatua kwa hatua mpaka siku aliyovua joho. Baada ya hapo sina hakika kama tuliendelea kutembea naye. Nilipokwisha kufunga kanisa nilikaa kitambo kwenye benchi la nje, kwa kuwa niligundua kwamba katika miaka yangu yote ya kuhubiri juu ya ndoa, juu ya zaka, juu ya ulevi na ushirikina, sijawahi hata mara moja kuhubiri juu ya mtu anayetafuta kazi mwaka wa kwanza, wa tatu, wa nane, asiipate. Basi leo naomba tulitafakari jambo hilo.

Nikiri kwanza kwamba sisi mapadre hatuijui njia hii. Nilipomaliza masomo ya Teolojia nilipewa Daraja Takatifu, na barua ya askofu ya kunipangia kituo ikanifikia kabla sijamaliza kufungua zawadi. Sijawahi kuandika barua ya kuomba kazi. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambaye chama chake cha vijana wafanyakazi cha mwaka 1925 ndicho mzizi wa VIWAWA yetu, alisumbuliwa maisha yake yote na jambo hilo: rafiki zake wa utotoni waliokwenda viwandani walimwona yeye, mseminari, kuwa mtu wa upande mwingine. Kwa hiyo mtafuta kazi akisikia padre akimwambia “vumilia”, ana haki ya kuuliza padre huyo amevumilia nini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hujilaumu bila kuijua. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaza majukwaa ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, wakifanya usaili wa nafasi zipatazo 70 za Idara ya Uhamiaji. Wakati ule taifa zima lilishangaa. Mwaka 2025 hatukushangaa tena: Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Kwa walimu ndiyo usiseme. Katika usaili wa mwanzoni mwa mwaka huo huo, waombaji zaidi ya 200,000 waligombea nafasi zisizofika 15,000, na waliohitimu ualimu kati ya mwaka 2015 na 2023 wakaunda umoja wao, wakaiomba Serikali iwafikirie bila usaili, kwa kuwa wao wamekaa miaka mingi mitaani ilhali waliowatangulia walipangiwa vituo mara walipohitimu. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane nao, ila huwezi kusema kwamba ni watu wachache waliokosa bidii.

Sasa chukueni hesabu ile ya Mamlaka ya Mapato. Tuseme waombaji wote 135,027 walikuwa watu wa sala. Tuseme wote walifunga, wakasali novena ya Mtakatifu Yuda Tadei siku tisa bila kuruka hata moja, na wote wakawa na imani ya kuhamisha milima. Siku ya matokeo watu 133,431 wangerudi nyumbani bila kazi. Je, tutasema kwamba Mungu aliwasikia wale 1,596 na kuwaziba masikio wengine? Mhubiri anayemwambia kijana kwamba hajapata kazi kwa sababu imani yake ni haba, au kwa sababu “hajapanda mbegu”, yaani hajatoa fedha ya kutosha, anamtwisha maskini mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na mzigo huo wa pili ni uongo. Nasema hivyo nikijua kwamba hata kwetu Wakatoliki wapo wanaoisali novena kana kwamba ni fomu ya maombi, ambayo ikijazwa sawasawa na kugongwa muhuri ni lazima ijibiwe.

Mafundisho ya Mama Kanisa yako wazi kuliko sisi wahubiri wake. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, alifundisha kwamba kukosa ajira ni uovu kwa vyovyote vile, na kunapoenea huwa balaa la jamii nzima. Tena akawataja wote wanaopanga uchumi na sheria za nchi kuwa nao ni waajiri kwa namna isiyo ya moja kwa moja, wenye wajibu mbele ya wasio na kazi. Hakusema ni adhabu kwa dhambi za mtafuta kazi. Kwa hiyo nawaomba wale ambao katika Jumuiya Ndogo Ndogo husali kwamba Mungu “amwondolee laana” ndugu yetu asiye na kazi, waliache neno hilo laana. Nia yao ni njema, lakini ndugu mwenyewe amekaa hapo hapo kwenye mkeka akisikia.

Hapa kwetu Mlimba jambo hili lina historia yake. Mji huu ulikuzwa na reli. TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilometa 1,860, ni hapa ambapo njia iliacha tambarare ya bonde na kuanza kupanda kuelekea Makambako, sehemu iliyo ngumu kuliko zote, yenye madaraja na mahandaki mfululizo. Mikono ilihitajika kwa maelfu. Wapo wazee parokiani walioacha kwao wakiwa vijana, wakaja na kambi za ujenzi, wakabaki, wakaoa. Miaka ya 1990 ikaja kazi ya bwawa na kituo cha umeme cha Kihansi. Vibarua wakapatikana tena, kisha mitambo ikawaka na vibarua wakarudi nyumbani. Mara mbili mji wetu umeiona kazi ikija yenyewe juu ya lori, na mara mbili umeiona ikiondoka.

Kwa sababu hiyo mzee aliyeandikwa kazi mwaka 1972 kwa kuwa tu alifika asubuhi akiwa na afya njema, hupata taabu kuelewa jinsi mjukuu wake mwenye shahada anavyokaa nyumbani. Huona ni uvivu. Husema hivyo mbele za watu, na mara nyingi humwita Mtume Paulo kuwa shahidi wake, kwa yale aliyowaandikia Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Mzee wangu, naomba tukisome kifungu hicho pamoja, Waraka wa Pili, sura ya 3. Mtume anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Neno lililobeba uzito hapo ni kutaka. Katika Thesalonike walikuwapo waliokuwa wameacha kazi zao kwa hiari, wakizungukazunguka na kula vya wenzao. Mjukuu wako hakuacha kazi. Anaamka saa kumi alfajiri kwa sababu wakati huo intaneti ina nafuu, anafungua mfumo wa maombi ya ajira kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kabla ya jua kupanda yuko kwenye majaruba. Mtume Paulo, aliyeshona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, angemkaribisha mezani.

Vijana nao wana majibu yao. Mmoja alinikumbusha habari za yule chura mdogo wa Kihansi, ambao mamia yao walichukuliwa mwaka 2000 kwenda kutunzwa Marekani baada ya bwawa kupunguza maji ya maporomoko; mwaka 2009 ikatangazwa kuwa ametoweka porini, na baadaye kizazi chake kikarudishwa nyumbani. “Padre,” akasema, “chura wa kwetu amepata safari ya Marekani, chakula na tiketi ya kurudi. Mimi naomba nauli ya Dodoma tu.”

Naomba sasa niseme kosa langu mwenyewe. Katika parokia niliyotumikia kabla ya kuja huku, alikuja ofisini kijana aliyehitimu ualimu, akitaka barua ya utambulisho aipeleke kwenye shule iliyokuwa inatafuta mwalimu. Kama ilivyokuwa desturi, nikaomba kadi yake. Michango ya miaka mitatu ilikuwa haijalipwa: zaka, ujenzi wa nyumba ya mapadre, tegemeza seminari. Nikamwambia kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio unaonitia aibu hadi leo, “Kamilisha kwanza hata nusu, halafu uje.” Akasema, “Asante Padre,” akatoka. Sikumwona tena kanisani. Ikapita kama miezi minne ndipo nikamuuliza katekista wa kigango chao. Katekista akaniambia: “Padre, huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kila Jumamosi, miaka yote hiyo mitatu. Sasa hivi darasa halina mtu.”

Mwalimu asiye na ajira alitufundishia watoto bure miaka mitatu, nasi tukamdai.

Nilikwenda kwao kwa pikipiki. Mama yake alinikaribisha, akachinja kuku ambaye najua hakupangiwa kuchinjwa siku ile. Nikamwomba kijana msamaha mbele ya mama yake. Aliniambia jambo ambalo limebaki kwangu kuliko mafungo mengi niliyohudhuria: “Padre, mimi na Mungu hatukugombana. Nilikuwa naliogopa dirisha la ofisi.” Nafasi ile shuleni ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine.

Tangu siku hiyo, nikisikia katika vikao vyetu kwamba vijana wasio na kazi “wamepoa” kiimani, hujiuliza ni wangapi hasa wamemwacha Mungu, na ni wangapi wamelikimbia dirisha. Mtu asiye na kazi hukwepa Jumuiya kwa sababu pana daftari. Hukwepa harusi ya rafiki yake kwa sababu pana kadi ya mchango. Hukwepa Misa ya Dominika kwa sababu ya viatu, na kwa sababu baada ya Misa watu kumi watamuuliza swali lile lile: “Vipi, umeshapata?” Wanaouliza wanampenda. Hata hivyo swali hilo likirudiwa kila Dominika kwa miaka saba, linakuwa kama kumpima mgonjwa homa hadharani.

Turudi kwenye Injili. Mtakatifu Mathayo, katika sura ya 20, anatupa mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kuajiri wafanyakazi, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Wenzetu wa Ulaya huwalazimu kuzibadili saa hizo ili waelewe. Sisi Waswahili hatuna haja, saa za Injili ndizo saa zetu. Saa kumi na moja jioni kila mtu wa Mlimba anaijua. Ndipo jua linapolegea, wanaotoka shambani wanaonekana barabarani na majembe begani, na aliyekuwa akingoja kibarua tangu asubuhi anaanza kufikiri atasema nini nyumbani.

Mara nyingi sisi wahubiri tunakimbilia mwisho wa mfano, kwenye ujira ulio sawa na manung’uniko ya waliotangulia. Leo tusimame kidogo pale sokoni. Mwenye shamba anawauliza watu wale kwa nini wamesimama hapo kutwa nzima bila kazi, nao wanamjibu kwamba hawakupata wa kuwachukua. Angalieni asichokifanya. Halikatai jibu lao. Haulizi walikuwa wapi saa tatu. Hawapi mawaidha juu ya uvivu, wala semina ya ujasiriamali. Anawaamini, anawapeleka shambani, na jioni anawapa dinari moja, ambayo ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa kuwa watoto wa mtu aliyeajiriwa saa kumi na moja wanakula sawa na watoto wa aliyeajiriwa alfajiri. Mathayo hatuambii kama walikuwapo pale tangu asubuhi wakarukwa mara nne, au kama walikuwa wamezunguka kwingine. Anayejua kazi ya kibarua atakisia kwamba wanaobaki hadi jioni ni wazee, wenye kilema, na wasiofahamiana na mtu. Tunachoambiwa ni kwamba saa ile walikuwa bado wamesimama mahali ambapo aliyewatafuta aliweza kuwaona.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya kudumu katika imani wakati kazi haipatikani. Kudumu huko hakumwahidi mtu kwamba kazi itakuja. Hesabu tuliyoifanya inanikataza kuahidi hivyo. Ni kutoondoka: kubaki katika sala hata ikikauka, kubaki katika Ekaristi Takatifu hata viatu vikichakaa, kubaki katika ukweli hata pale ambapo uongo ndio unaoajiriwa. Na kwa kuwa hakuna mtu awezaye kudumu mahali anapoaibishwa, sehemu kubwa ya kudumu kwake imo mikononi mwetu sisi tulio na riziki.

Juu ya sala, mtu aliye katika mwaka wa sita wa kutafuta asijilazimishe kusali kwa furaha asiyo nayo. Zaburi ya 88 ni malalamiko tangu mwanzo hadi mwisho, na inakwisha gizani, bila neno la shukrani. Kanisa halikuificha. Limeiweka katika sala yake rasmi ya Ijumaa usiku, kabla ya kulala, na mapadre na watawa ulimwenguni kote huisali kila juma. Anayemwambia Mungu kwamba amechoka na kwamba hamwelewi, bado anasema naye. Nabii Elia alipokaa chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumkemea kwa uhaba wa imani; alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha akampa tena. Na yeyote kati yenu anayefika mahali pale pa Elia, pa kutamani kufa, asibaki na wazo hilo peke yake. Anigongee mlango hata usiku wa manane, au aende kituo cha afya. Hali hiyo inatibika, wala si jambo la kumwonea mtu haya.

Kuna neno moja linalovunja mioyo ya wengi: koneksheni. Hata Yosefu mwana wa Yakobo aliitafuta. Akiwa gerezani Misri alimtafsiria ndoto mkuu wa wanyweshaji, akamsihi kwamba mambo yatakapomwendea vema amkumbuke mbele ya Farao. Hakutenda dhambi kuomba hivyo. Yule mtu akarudishiwa cheo chake, akamsahau, na Yosefu akakaa gerezani miaka miwili mizima zaidi. Biblia haisemi alifanya nini katika miaka hiyo. Ila alipoitwa ghafula, alikutwa bado anajua kazi yake ya kutafsiri ndoto, na bado anasema kwamba tafsiri ni ya Mungu. Nawasihi mnaosubiri, msiuache ujuzi wenu uote kutu: mwalimu asome, muuguzi asome, fundi ashike vyombo hata kwa kazi ndogo. Nanyi mliotoka bonde hili mkawa na nafasi mijini, ninyi ndio wanyweshaji. Siwaombi mumpitishe mtu asiyestahili. Nawaomba mjibu ujumbe wa simu wa kijana wa nyumbani, mumwambie tangazo likitoka, na ikiwa hana sifa mumwambie ukweli mapema.

Vishawishi vya safari hii navijua kwa yale ninayosimuliwa barazani (ya kitubio hayamo humu). Upo ujumbe wa simu unaomtaka mtu atume fedha ya “usajili” ili apangiwe kituo; huo ni utapeli, na familia zetu zimekwisha kuuza magunia ya mpunga kwa ajili yake. Kipo kishawishi cha cheti: mwezi Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na nyumba nyingi zilizokuwa na mshahara zikabaki na aibu. Na liko jambo ambalo sitaki kuliita kishawishi, kwa sababu ni unyang’anyi: mwenye mamlaka anapomtaka binti kimwili ndipo ampe kazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaliita kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea taarifa zake. Aliyeombwa hana dhambi, aseme wazi bila hofu. Mabinti wawili katika utume wangu wamewahi kuniambia kwamba walikataa, na kazi ikaenda kwa mwingine. Niliwasimulia habari za Susana katika Kitabu cha Danieli, aliyewakatalia wazee wawili wenye cheo. Mmoja wao akanijibu kwamba Susana alitetewa kabla ya watu kutawanyika, ilhali yeye ni mwaka wa pili sasa. Sikuwa na jibu, nami sikutafuta la haraka. Nilimpa mkono.

Wengine huwaambia vijana: “Jiajirini!” Neno ni zuri, na linawatoka kwa urahisi zaidi wale wenye mshahara. Kukodi shamba, kulipa trekta, kununua mbegu na kuajiri wa kupalilia ni fedha, na mvua ikizidi bonde lote hugeuka ziwa. Hata hivyo nisingependa mtu ayaone majaruba kuwa chumba cha kusubiria, kana kwamba maisha yake yataanza siku ya barua ya ajira. Bwana wetu aliitwa fundi kule Nazareti kabla hajaitwa Mwalimu, na miaka ile ilikuwa mingi kuliko ya kuhubiri. Mwalimu anayelima anabaki kuwa mwalimu. Wala jembe lake halimfanyi kuwa mtu aliyeshindwa.

Neno moja kwa waajiri, na Kanisa likiwemo. Zipo shule zinazomweka mwalimu “wa kujitolea” mwaka baada ya mwaka, zikimpa posho isiyotosha sabuni, kwa kuwa zinajua hana pa kwenda. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anamfananisha anayemnyima mtu riziki yake na mwuaji. Maneno hayo yamo katika Biblia yetu Wakatoliki, kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuyaona.

Nimezungumza na Kamati Tendaji ya Halmashauri ya Walei, na tumekubaliana mambo machache. Kuanzia juma hili barua ya utambulisho kwa ajili ya kazi au masomo itatolewa bila kudai kadi. Madaftari ya michango hayatasomwa kwa sauti katika Jumuiya. Asiye na kipato akitoa kazi yake, kufundisha, kufagia kanisa, kuimba kwaya, kazi hiyo itaandikwa kwenye kadi yake kama mchango, kwa sababu ni mchango.

Pia kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa parokia utakuwa wazi kwa wote wanaotafuta kazi, wawe Wakatoliki au wasiwe. WAWATA wamejitolea kulipia intaneti na kupika chai. Mje na vyeti, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Mwalimu mmoja mstaafu atasaidia mazoezi ya usaili. Wa kuelekeza namna ya kuandika barua za maombi atakuwa yule kijana wa WA ya katikati. Amekubali, na kwa hesabu yake mwenyewe amekwisha kuandika sitini na mbili.

Wenu katika Kristo,
Paroko, Mlimba